Jina la mtu ambaye hakufanya kazi

Nimeombwa niongeze jina la mkubwa mmoja kwenye makala yetu ya utafiti. Hakukusanya takwimu, hakusoma rasimu, hata swali la utafiti hakulijua. Nikaambiwa, “Ni heshima tu, kila mtu anafanya hivyo.”

Nimekataa. Kwa adabu, lakini nimekataa.

Kanuni ziko wazi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataka mwandishi atimize masharti 4 yote kwa pamoja: awe amechangia kazi yenyewe kwa kiasi kikubwa, ameiandika au kuihakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Hilo la mwisho ndilo zito. Kosa likigundulika kesho, huyu atajibu nini?

Ila sikukataa kwa ajili ya kanuni peke yake. Mimi ni mtu wa sala, na Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Wenzangu Waislamu wana sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Orodha ya waandishi nayo ni kipimo, maana watu hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala. Ukimpa asiyestahili, unampunja aliyekesha.

Mkubwa amenuna. Mwenzangu niliyeandika naye ana wasiwasi na mkataba wake, na hofu yake naielewa kabisa. Tumekubaliana kumtaja mkubwa kwenye shukrani, kwa kuwa ndiye aliyetupatia chumba cha maabara. Hilo ni kweli, na tumeliandika hivyo hivyo.