Miguu ilinikana jana

Jana nimemaliza triathloni yangu ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Leo hata kucheka kunauma.

Majini ndiko nilikotaka kulia. Bwawani nilizoea kufuata mstari mweusi wa chini. Ziwani huoni hata mkono wako. Mtu akanipiga teke la miwani, maji yakajaa jicho la kushoto, ikabidi nigeuke chali nipumue kwanza. Kila nikiinua kichwa kutafuta boya, naliona liko upande mwingine. Nahisi mwenzenu nimeogelea mita 900!

Baiskeli ilikwenda vizuri, sina la kusema. Ila niliposhuka, miguu haikuwa yangu tena. Yenyewe bado inakanyaga pedali, mimi nataka ikimbie. Karibu kilomita nzima nimekwenda kama bata. Watu pembeni wanacheka, nami nawapungia mkono, kumbe kofia ya baiskeli bado iko kichwani.

Karibu na mwisho mama mmoja, sitini naamini kashazipita, akanipita taratibu. "Jikaze mwanangu."

Nikajikaza. Sikumpata.