Mdudu wa Mikia Miwili

Jumanne nesi alipopitisha pamba yenye spiriti kwenye bega la binti yangu kabla ya kumdunga sindano, harufu ile ilinitoa kliniki ikanirudisha juu ya Nessuit, huko Mau Mashariki, Kenya, mwaka wa 2009. Mwaka ule wa ukame.

Tulikuwa watatu: mhadhiri wetu wa chuo, tuliyemwita Daktari, Chelangat na mimi. Kazi ilikuwa kupima afya ya Mto Njoro, kuanzia vijito vyake huko Mau Mashariki hadi upande wa Ziwa Nakuru. Mita ya oksijeni tulikuwa nayo, na ya joto, lakini mita hukueleza maji ya dakika ile ile unapoitumbukiza. Mtu akimwaga uchafu usiku, asubuhi ushaenda zake. Mdudu wa majini haendi mbali. Anakaa chini ya jiwe miezi mingi, na yote yanayoupata mto yanampata yeye kwanza. Ndiyo maana tulikuwa tunahesabu wadudu.

Kijito cha kwanza ungeweza kukiruka bila kuchukua mbio. Chelangat alishika wavu, mdomo wa wavu ukitazama mkondo. Mimi nikasimama mbele yake, nikakoroga mawe kwa buti mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Tukamwaga vilivyoingia kwenye trei nyeupe. Mwanzoni huoni kitu ila takataka. Ukitulia kidogo, takataka zinaanza kutembea. Kijiti kinatoa miguu sita, kumbe ni nyumba ya lava, mdudu ambaye hajakomaa, aliyejigandishia vipande vya majani mwilini. Kaa mdogo kama kifungo cha shati anajificha pembeni. Halafu, kwenye kona, nikamwona.

Alikuwa wa rangi ya kahawia yenye michoro ya manjano, bapa kama mtu aliyelalia tumbo, urefu wa ukucha wangu. Mikia miwili. Nikahesabu tena, kwa sababu wale wa mikia mitatu hupatikana kwa wingi. Miwili. Na kwapani alikuwa na vishada vyeupe kama nyuzi za pamba: hayo ndiyo matamvua anayopumulia. Maji ya trei yalikuwa yametulia, hayampitishii hewa ya kutosha, basi akaanza kupiga pushapu. Juu, chini, juu, chini, ili maji yapite kwenye matamvua. Mdudu huyu hawezi kabisa maji machafu. Kwenye karatasi yetu ya alama, iliyotungwa Afrika Kusini, anapewa 12, wakati ruba wanapata 3 na minyoo 1. Unajumlisha alama za makundi uliyoyapata, unagawa kwa idadi ya makundi, na wastani ukipanda ujue kijito ni kizima. Nilipiga kelele kumwita Chelangat.

Aliyekuja kabla yake ni mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe hapo juu kidogo. Akachuchumaa, akaweka fimbo chini, akatazama ndani ya trei kwa muda mrefu.

"Huyu namjua," akasema. "Tukiwa watoto tulikuwa tunamtoa chini ya mawe, pale maji yanapopiga kelele. Siku hizi simwoni."

Nilikuwa tayari nimeshika kibano.

"Mrudishe, binti yangu."

"Haiwezekani, mzee. Lazima aende maabara. Asipokuwa ndani ya chupa ni kama hatukumwona."

"Lakini umemwona. Na mimi nimemwona. Ukiwaambia, hawatakuamini?"

Daktari alikuwa ng'ambo, ameinamia mita yake. Ningeweza kumrudisha na hakuna ambaye angejua. Nikamtazama tena yule mdudu: vifuko vya mabawa mgongoni vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, maana yake amekomaa. Siku chache tu angepanda juu ya jiwe, angevua ngozi, angeruka, na kama ni jike angerudi kutaga mayai mle mle. Yote hayo niliyajua. Nikamtia kwenye spiriti. Akapiga pushapu mbili, ya tatu hakuimaliza.

Niliandika kikaratasi kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya spiriti: kijito, tarehe, mmoja. Nikakitumbukiza kando yake. Mzee akaokota fimbo. "Haya," akasema, akawapigia ng'ombe mluzi.

Vituo vya katikati sivikumbuki vizuri. Alasiri tulifika kwenye daraja moja huko chini, mahali watu wanafua, magari yanaoshwa na punda wanateremka na mitungi. Maji yalikuwa yamebaki vidimbwi. Trei ilijaa funza wekundu, wanaojikunjakunja, mamia. Wekundu wao ni himoglobini, kama ile iliyo kwenye damu yetu, inayowawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo sana. Kijana wa punda, labda miaka kumi, alichungulia akafurahi kweli kweli.

"Wengi hivi! Huko juu mlipata wengi kama hawa?"

"Hapana," nikamwambia. "Huko juu tulipata mmoja." Akacheka kwa fahari ya mto wa kwao, akaendelea kujaza mitungi. Sikumwambia zaidi. Nilipaswa kumwambia.

Swali la yule mzee sijawahi kulijibu. Najua sababu za kisayansi, nimewafundisha wengine sababu hizo hizo: bila chupa ile, hakuna wa kuthibitisha kwamba mwaka wa 2009 kijito kile bado kilikuwa na uhai wa namna hiyo. Ninaziamini. Lakini kila nikizisema naona ile pushapu ya tatu.

Kwenye matatu ya kurudi nyumbani nilitaka kumsimulia binti yangu. Nilianza na kijiti kilichotoa miguu, akacheka. Nilipofika kwa mdudu wa mikia miwili alikuwa amelala, ameniegemea, na bega lake bado linanuka spiriti.