Pua ya difu iangalie chini: pembe za propela kwenye gari ya springi

Wadau habari zenu. Leo niongelee kitu kinachoniuma kwenye gereji zetu za huku Mtwara, mtu anaingia chini ya gari, anaona propela (ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi kwenda difu ya nyuma) na pinioni ya difu (shafti fupi ya puani inayopokea propela) havijanyooka, anatoka anasema "bro hii difu imelala, tuinyooshe." Jamani msinyooshe! Gari ya springi (zile za majani), hasa unayoiandaa kwa drag (mbio fupi za kunyooka), pua ya difu kuangalia chini kidogo ikiwa imesimama ndo inavyotakiwa.

Iko hivi. Ukikanyaga mafuta tairi zinasukuma gari mbele, ile nguvu inarudi kwenye difu na difu inataka kujizungusha kinyume, pua inapanda. Kwenye springi tupu, yaani bila vyuma vya ziada vya kuzuia difu, kinachoizuia ni springi zenyewe, zinajikunja kama herufi S af zinajiachia, zinajikunja tena, ndo unaona tairi za nyuma zinarukaruka badala ya kushika lami. Kwa hiyo unapanga pembe ya ile sekunde umeachia klachi, siyo ya gari iliyopaki.

Na krosi zenyewe, yale maungio ya kupinda kwenye ncha mbili za propela, zina tabia yake. Krosi moja ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa, kila mzunguko mmoja wa propela inaharakisha kidogo kisha inapunguza, na inarudia hivyo mara mbili, krosi ya nyuma ndo inafuta hilo, lakini mpaka pembe zao zilingane na yoku za propela (uma zinazoshika krosi) ziwe zimekaa kwenye mstari mmoja. Maana yake shafti ya giaboksi na pinioni ziwe sambamba wakati mzigo umeingia. Na usiipeleke pembe mpaka sifuri kabisa, zile nido (vyuma vyembamba kama sindano) za ndani ya krosi zinahitaji kutembea kidogo, zikikaa sehemu moja zinachimba alama. Ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka vikombe vya krosi, hiyo imeshakauka, badilisha.

Shemeji yangu pale Chikongola ana Datsun 1200 ya zamani anaifufua kwa ajili ya drag, tulianza na kupima tu. Gari ikae kwa uzito wake, kama ni stendi ziwe chini ya ekseli, siyo chini ya chesisi difu inaning'inia, namba zote zitakuwa za uongo. Weka mafuta, dereva akae kwenye siti. Pima giaboksi kwanza. Tuseme mkia wa giaboksi umeshuka digrii 3, basi sambamba yake ni pua ya difu kupanda digrii 3, kutoka hapo ndo unaishusha. Springi tupu wengi huanzia digrii 5 mpaka 7, ukifunga vyuma vya kuzuia difu isijizungushe unapunguza, maana haipandi sana.

Wamarekani walilihangaikia hili zamani, Chrysler kwenye gari zao za Super Stock (daraja la mbio za drag) walitumia springi ambazo kipande cha mbele ya ekseli ni kifupi na kigumu, na juu ya pua ya difu wakaweka raba ya kuigotea isipande. Mimi hiyo raba naipenda sana, kitu kidogo kinafanya kazi kubwa.

Kushusha pua unatumia kipande cha chuma chenye pembe kati ya springi na kiti cha ekseli. Hapa ndo wengi wanageuza: ekseli ikiwa juu ya springi, upande mnene unaenda nyuma. Ekseli ikiwa chini ya springi, kama Hilux nyingi za 4x4, upande mnene unaenda mbele. Chonga cha chuma, aluminiamu inapondeka na kupasuka, na kichwa cha senta bolti (inayobana majani ya springi pamoja) kihakikishe kimeingia kwenye tundu lake.

Wenye pikapu za korosho za kupandisha Newala na nyie inawahusu, ukiongeza majani ya springi gari inanyanyuka nyuma na pembe zote zinahama, ule mtetemo mnaoulalamikia kwenye spidi mara nyingi unaanzia hapo, siyo kila siku ni balansi ya tairi. Ila nyie msishushe mpaka 5, digrii 1 au 2 inatosha.

Ukimaliza kufunga tembea kidogo, kaza tena yubolti (zinazofunga ekseli kwenye springi), halafu pima upya, springi zikishakaa vizuri namba lazima icheze.