Wati Siku ya Mashindano: Lini Nizitazame, Lini Niziache

Huu ni msimu wangu wa sita wa kushindana nikiwa na kipima nguvu kwenye baiskeli, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza si jinsi kinavyofanya kazi bali ni kama inafaa kukitazama mbio zikishaanza. Mazoezini jibu halina utata, kwani ukiwa umepangiwa kukaa dakika nane katika wati 300, kifaa hicho kitakushikilia hapo hapo hata kama upepo umegeuka au usingizi haukutosha. Siku ya mashindano hali hubadilika, kwa sababu barabarani kuna watu wengine, na watu hao hawajui kizingiti chako, yaani nguvu ya juu unayoweza kuidumisha kwa muda mrefu, ni kipi wala hawana sababu ya kukiheshimu.

Nianze na kifaa chenyewe, maana makosa mengi huanzia hapo. Ndani ya krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, au ya pedeli yenyewe, au ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hubandikwa vihisi vidogo ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kila chuma kinapopinda, ijapokuwa mpindo huo ni mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona. Kutokana na mpindo huo hukokotolewa msokoto, msokoto huzidishwa kwa kasi ya mzunguko wa miguu, au wa gurudumu ikiwa kipima kiko kitovuni, na jawabu huonekana kwenye kompyuta ya usukani likiwa katika wati. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 1986, na Greg LeMond wa Marekani, mshindi wa Tour de France mara tatu, alikuwa miongoni mwa waendeshaji wa kulipwa wa kwanza kutumia kipima chake.

Kwa kuwa kinachopimwa ni mpindo wa chuma, joto na baridi huingia katika hesabu. Vipima vingi vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, lakini changu cha kwanza hakikuwa na uwezo huo. Asubuhi moja nilikisawazisha kwenye sifuri nikiwa ndani ya nyumba yenye joto, kisha nikashindana katika baridi kali, na nusu ya kwanza ya mbio niliiendesha kwa woga kwa sababu skrini ilinionyesha wati karibu 20 zaidi ya zile nilizokuwa nikizitoa kweli. Tangu siku hiyo baiskeli yangu hukaa nje robo saa nzima kabla sijaigusa. Kisha nasimamisha krenki wima, naondoa mguu kwenye pedeli, nabonyeza kitufe na kusubiri namba itulie. Anayetumia kipima cha krenki ya kushoto peke yake na akumbuke pia kwamba kifaa hicho hupima mguu mmoja na kuzidisha kwa mbili, kwa hiyo kulinganisha namba zake na za mwenzake ni kazi bure. Namba hizo zilinganishwe na zake mwenyewe za jana na juzi.

Mahali ambapo sina shaka hata kidogo juu ya faida yake ni katika mbio za kushindana na saa, ambapo kila mmoja huendesha peke yake. Mapigo ya moyo huchelewa kueleza juhudi, tena pale kwenye mstari wa kuanzia huwa yamekwisha kupanda kwa sababu ya msisimko tu. Miguu nayo hudanganya, kwani baada ya siku mbili za mapumziko, dakika mbili za mwanzo huonekana nyepesi mno. Kizingiti changu ni wati 280 hivi. Sijawahi kuanza mbio za aina hiyo bila kuona namba inayokaribia 400 katika nusu dakika ya kwanza huku nikijihisi kama niliyetoka kutembea, na kila mara imenibidi kuitii skrini badala ya mwili.

Hesabu inayoeleza jambo hili ni rahisi, na ningependa kila mshindani aijue ya kwake. Juu ya kizingiti kila mmoja wetu ana akiba ndogo ya kazi ambayo ikiisha, imeisha, mpaka ashuke chini ya kizingiti na kuijaza tena taratibu. Kwa waendeshaji wengi akiba hiyo huwa karibu kilojuli 20. Mwenye kizingiti cha wati 280 akienda kwa wati 380, anatumia juli 100 za akiba kila sekunde, maana wati moja ni juli moja kwa sekunde, kwa hiyo baada ya sekunde 200 hana kitu. Akiitumia katika kilomita ya kwanza, kilomita zote zilizobaki ataziendesha kama mdeni.

Akiba hiyo haifai kutawanywa sawasawa njia nzima. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, na hivyo kuongeza kasi kwa asilimia 10 kwenye tambarare kunadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 33. Kwenye mteremko, ambapo tayari unakwenda kasi, wati za ziada hukununulia sekunde chache sana. Penye mwinuko au upepo wa mbele, ambapo mwendo ni wa polepole na muda mwingi hupotea, wati hizo hizo hukurudishia zaidi. Kwa hiyo mimi hupanda kidogo juu ya kizingiti penye ugumu na kushuka chini yake penye wepesi, lakini kwa kiasi, maana anayepanda mno hailipi akiba hiyo hata mteremko ukiwa mrefu.

Mlima mrefu unafanana na mbio za saa hata kama mko hamsini. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 78, anayepanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kasi ya kilomita 14.4 kwa saa: kuushinda uzito peke yake kunahitaji wati 245 hivi, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Kwa kasi ndogo namna hiyo, kujibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako hakusaidii sana, hivyo kinachoamua ni wati na kilo. Msimu uliopita, kwenye mlima uliotuchukua kama dakika 25, watu zaidi ya kumi walichomoka chini kabisa kwa mwendo ambao ungenidai zaidi ya wati 350. Nilibaki kwenye 290. Kuwaona wakipotea kwenye kona ya kwanza kulinichoma moyo, na nililazimika kuikazia macho skrini ili nisiwafuate. Kabla ya kilele nilikuwa nimewapita tisa kati yao, mmoja mmoja, wengine wakiendesha kwa kuyumba.

Mafanikio ya siku ile ndiyo yaliyonipoteza wiki tatu baadaye. Tulikuwa kwenye tambarare, upepo ukipiga kutoka ubavuni, na walio mbele wakaanza kupanga mstari wa mshazari kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine ili wakingane upepo. Sisi tuliokosa nafasi tulijipanga kwenye ukingo bila kinga yoyote. Niliinamisha macho, nikaona wati 400, nikakumbuka mlima, na nikaachia. Uwazi wa mita moja mbele yangu ukawa mita tano, kisha kumi, na baada ya hapo hakuna nguvu ambayo ingeuziba. Niliendesha muda uliobaki peke yangu kwa wati karibu 290, huku kundi lililonikimbia likienda kasi kuliko mimi kwa nguvu ndogo zaidi, kwa sababu walikuwa wakikingana upepo kwa zamu.

Jioni nilifungua faili na kufanya hesabu ambayo ilinipasa kuijua kichwani. Msukosuko ule ulidumu sekunde 90 hivi kabla kundi la mbele halijatulia. Wati 400 ni 120 juu ya kizingiti changu, na mara sekunde 90 ni kilojuli 10.8, yaani zaidi kidogo ya nusu ya akiba. Nilikuwa nayo. Kipima nguvu kiliniambia bei kwa usahihi kabisa, lakini hakikuwa na njia ya kujua ninanunua nini. Mlimani nilikuwa nikiuziwa mita chache ambazo ningeweza kuzirudisha. Ubavuni mwa upepo nilikuwa nikiuziwa mbio nzima.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka vifaa hivi vipigwe marufuku. Mwaka 2017 Christian Prudhomme, mkurugenzi wa Tour de France, alitamka wazi kwamba angependa visitumike mashindanoni, na waendeshaji wakubwa kama Alberto Contador na Nairo Quintana walikuwa wamekwisha kutoa maoni ya namna hiyo, wakihofia kwamba mbio zinakuwa za hesabu tupu. Naielewa hofu yao, kwani kutazama timu ikipanda mlima kwa mwendo mmoja usiobadilika hakusisimui. Hata hivyo, kwa maoni yangu kinachozima mashambulizi ni timu yenye watu wanane wenye nguvu, na watu hao wangebaki na nguvu zao hata skrini zikizimwa.

Kwangu mimi suluhisho limekuwa kupanga kurasa za kompyuta. Katika mbio za saa na kwenye milima mirefu huweka wastani wa wati wa sekunde tatu, kwani namba ya papo hapo hurukaruka mno, pamoja na muda. Nikiwa ndani ya kundi, ukurasa wangu hauna wati kabisa. Una umbali, muda, na jumla ya kilojuli. Hizo kilojuli ni za chakula. Kwa kuwa mwili hugeuza karibu robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, na kilokalori moja ni kilojuli 4.184, namba hizo mbili hukaribia kulingana: saa moja kwa wastani wa wati 200 ni kilojuli 720, nami najua nimeunguza kama kilokalori 720 na kwamba mkono lazima uende mfukoni mapema.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye barabara ile ile ya tambarare, na upepo ulikuwa wa ubavuni tena. Mstari ulipoanza kuvutika nilikuwa kwenye ukurasa usio na wati, macho yangu yakiwa kwenye gurudumu la nyuma la aliyekuwa mbele yangu, na sikuachia hata nusu mita. Faili la jioni lilionyesha wati 425 kwa sekunde 110, yaani karibu kilojuli 16 juu ya kizingiti. Nilikuwa nimebakiza nne hivi wakati wa mbele walipolegeza na kuanza kupeana chupa za maji.