Nilikuwemo

Neno moja tu nlilosema Jumanne pale getini skuli, na leo usiku wa Ijumaa bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu, nikimeza mate nausikia.

Ilikuwa hivi. Nlikwenda kumchukua Asma mie mwenyewe kwa sababu mama yake alikuwa hospitali na mdogo wake, kajifungua pacha, wazima wote alhamdulillah. Nimesimama chini ya ule mkungu pale nje, vumbi la mbao bado kichwani, akatoka kijana mmoja mrefu kachomekea shati akanijia moja kwa moja. Kumbe ndo mwalimu wao mpya wa hesabu, katoka Tanga, hata miezi miwili hajamaliza hapa Unguja.

"Baba Asma?"

"Ndiye."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Asma kaniambia ulikuwa Mafunzo. Namba saba."

Nikamtazama Asma. Asma anatazama viatu vyake.

"Mimi mpira ndo ugonjwa wangu," akaendelea, "Mafunzo naijua tangu inacheza Kombe la Mapinduzi. We ulikuwa miaka gani?"

Na mie, wallahi sijui kwa nini, nikamjibu kweli tupu. "2014 mpaka 2017."

"Ahaa! Kwa hiyo ule ubingwa wa 2015 ulikuwemo!"

"Nilikuwemo."

Basi, neno lenyewe ndo hilo. Akanipa mkono mara ya pili, safari hii mikono yote miwili, kainama kidogo kama anampa mkono sheikh, akasema siku moja nije niwaoneshe watoto mambo. Nikasema inshaallah. Nikampakia Asma kwenye vespa tukaondoka na mpaka tunafika Mwanakwerekwe hakuna aliyesema kitu, mie nayarudia tu maneno kichwani, yeye kanishika shati kwa nyuma.

Nyinyi mnaonisoma tangu zamani mnajua nlikuwa Mafunzo ipi. Mtu wa Tanga atajuaje, kwao jela ni gereza. Huku kwetu jela ni Chuo cha Mafunzo, mfungwa anaitwa mwanafunzi, na maaskari wa chuo wana timu yao inacheza ligi kuu, nayo ni Mafunzo hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akisema fulani alikuwa Mafunzo mtu wa hapa atamtazama kwanza aliyesemwa ndo ajue ipi, na mie wa hapa hawana haja hata ya kunitazama.

Sasa hilo neno nimeligeuza kila upande. Halina uongo ndani yake. Ubingwa ulichukuliwa 2015 na mie nlikuwemo, ukinisimamisha popote nitaapa. Lakini yule kijana hakusikia nililosema mie, kasikia analolitaka yeye, nami nikamwachia alichukue hivyo hivyo. Naona aibu kuiandika hii ila ndo ilivyo: imenifanana na ule usiku nlipoiba mashine ya boti ya mvuvi, iliyonitia ndani. Ile heshima aliyonipa kwa mikono miwili ilikuwa ya mtu mwengine, ya yule aliyekimbia uwanjani kweli mwaka ule akapigwa viatu akavuja jasho, na mie nikaitia mfukoni nikaondoka nayo. Na safari hii sikuwa na arosto, ile njaa ya madawa, hata niseme ilinisukuma.

Ningeweza kusema "sikuwa kwenye timu, nlikuwa ndani." Maneno mangapi hayo? Matano. Nimeyahesabu usiku kitandani. Ningeweza hata kucheka kidogo nikasema mwalimu kuna Mafunzo mbili, yeye angestuka, angeomba radhi, tungeachana. Jumatano nikiwa napiga randa nikawa nayasema kwa sauti mpaka yule kijana wa kupaka vanishi akaniuliza fundi unazungumza na nani.

Na ubingwa wenyewe naukumbuka vizuri kuliko baadhi ya mechi nilizocheza mwenyewe. Sisi tulijua kwa maaskari, mmoja alipita anatembea kama anacheza, uso wote meno. Tukashangilia. Tulishangilia walahi kama sisi ndo tulofunga, watu wanapiga makofi, wanapiga mabakuli, na ukifikiri, wale ni walinzi wetu, lakini jina lao ndo jina letu, na mtu aliyefungiwa hachagui sana cha kufurahia. Mie nlipiga kelele kuliko wote. Usiku taa zimezimwa ndo ikanijia kuwa wale mabeki wa ligi nilikuwa nawapita, siyo zamani za babu, miaka minne mitano tu nyuma kabla goti halijaondoka pale uwanja wa Gombani, Pemba, kabla vidonge, kabla ya hayo mengine ambayo nishayaandika na sirudii. Nikalia kwa kuuma shuka ili mwenzangu wa pembeni asisikie. Alisikia. Asubuhi kanipa chai yake nusu na hakusema neno.

Kuna kitu sijawahi kukiandika hapa. Mle ndani nlikuwa staa. Jioni tukipewa mpira watu wanagombania niwe upande wao, wakubwa kwa wadogo wananiita Saba, hata mzee mmoja wa Makunduchi ambaye mpira alikuwa haujui kabisa alikuwa anakaa kwenye kivuli cha ukuta anasema mpeni Saba, mpeni Saba. Nilikuwa nikimpita mtu wanapiga mayowe, na upepo ukivuma kutoka upande wa Mnazi Mmoja nlikuwa najidai nasikia na watu wa kule pia, uwanja niliochezea tangu miguu peku. Ilikuwa tamu. Na utamu wake ndo uliokuwa unanimaliza, kwa sababu kwa ile nusu saa nlikuwa namsahau yule mvuvi ambaye asubuhi ile na kila asubuhi alikuwa anakwenda baharini kwa kasia kwa ajili yangu.

Ndo maana ile 2020 vijana pale barazani walipokuwa wanapeana simu wanacheka habari ya Ronaldinho sikuweza kucheka nao. Mnaikumbuka, kakamatwa Paraguay na kaka yake kwa pasipoti bandia, wakawekwa ndani siku 32, akacheza bonanza la wafungwa, timu yake ikashinda 11 kwa 2, matano kafunga yeye na sita katoa pasi, zawadi nguruwe wa kilo 16. Kwetu ingekuwa mbuzi. Watu wakasema mtu mkubwa ni mkubwa tu hata jela anaburudika. Mie nikaitazama ile picha yake anacheka na wenzake nikasema hicho kicheko nakijua, hicho kinatosha mpaka mlango ufungwe. Siku ya kutimiza miaka 40 ilimkuta mle. Mtu aliyebeba Kombe la Dunia na Ballon d'Or. Hakuna aliyetupia picha yake ya saa nane za usiku.

Na kule soba hausi, nyumba ya kuachia madawa, tulikuwa na mmoja akipenda kutuhadithia Tony Adams, kapteni wa Arsenal, Disemba 1990 kafungwa kwa kuendesha gari kalewa, katoka, karudi uwanjani, na msimu ule ule wakachukua ligi. Wenzangu wakifurahi sana hapo. Lakini yule jamaa alikuwa anamalizia: akaendelea kunywa mpaka 1996. Miaka mitano mengine! Kombe mkononi na maradhi yako pale pale. Mie hadithi hiyo ilinisaidia kuliko mawaidha mengi, kwa sababu nlikuwa nadhani kilichonipoteza ni kuukosa mpira, na kumbe hata mwenye mpira wake anaweza akapotea nao.

Yalopita nikiwa ndani ni mengi. Machi 2017 Zanzibar ikaingizwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mwanachama wa 55, tukakumbatiana, Julai wakatutoa. Nikatoka Oktoba, na Disemba Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos wakatolewa roho na Kenya kwa penati, na waliporudi mji mzima ulitoka kuwapokea na mie nikajifungia chumbani. Mama yangu alinigongea, "toka mwanangu, hawa ni wadogo zako." Sikutoka. Hilo nalo bado ninalo.

Haya. Jana usiku umeme ulikatika, Asma anafanya hesabu zake kwa taa ya simu yangu, nikaona ndo wakati, gizani mtu husema vizuri zaidi.

"Asma, kwa nini ulimwambia mwalimu wako namba saba?"

"Kwani si saba?"

"Saba ilikuwa timu nyengine mwanangu."

"Najua."

Penseli inaendelea kuandika.

"Unajua nini?"

"Najua Mafunzo gani, baba. Mama alinambia zamani, nipo darasa la pili." Akafuta kitu kwenye daftari. "Ticha kaniona nachora mpira akauliza baba yako alikuwa wapi, nikasema Mafunzo. Mie nilipokujua ulikuwa huko. Hiyo timu nyengine mie sijaiona."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa na miezi minne nlipoingia. Kanijua kwenye siku za kuja kututazama, kavishwa gauni la sikukuu, kanikimbia mara tatu za mwanzo na ya nne kanishika sikio.

"Na saba?"

"Si akauliza namba ngapi. Sasa alikuwa anasubiri. Nikampa ile ya kwenye jezi yako ya zamani."

Alikuwa anasubiri! Nilicheka mpaka mama yake akauliza kuna nini huko. Mwanangu hakunionea haya, hakunificha, hakutunga hadithi ya baba mwengine aliye bora kuliko huyu. Kaulizwa kajibu anachokijua, na palipobaki pengo kaweka namba iliyo karibu. Na ile jezi, ndo hapo hapo mama yake kanambia kutoka jikoni, ilikuwa kabatini kwa sababu Asma akiwa mdogo alikuwa halali mpaka afunikwe nayo, ndo ikachakaa vile mabegani, na mie miaka minane nzima tangu nitoke nadhani ni panya.

Halafu akanyanyua uso.

"Na wewe ulimwambia ulikuwemo. Ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Haya."

Akarudi kwenye hesabu zake. Neno lile lile, na halikuuma. Yeye kalisikia kama lilivyo. Nusu ya mwiba ikashuka hapo, nimelala usingizi ambao sijalala tangu Jumatatu.

Nusu iliyobaki ni yule kijana wa Tanga. Nilitaka Jumatatu niende mapema nimwambie, nimepanga hata pa kusimama, lakini tangu asubuhi nafikiri darasa ni la Asma siyo langu, watoto wana midomo, na mwalimu akijua leo kesho chumba cha walimu kizima kinajua na keshokutwa mtoto mmoja mbaya atasema jambo wakati wa mapumziko. Na nisipomwambia mie atamwambia mtu wa hapa, labda keshamwambia, labda Jumatatu nitapewa mkono mmoja, au sitopewa. Mama Asma anasema nimuulize Asma mwenyewe kwanza. Nafikiri ana haki. Ila kumuuliza mtoto wa miaka 11 ruhusa ya kusema kweli yangu, sijui, kuna kitu hapo kinanipa uzito.

Ngoja niishie hapa maana nasikia mvua juu ya bati na moyo umenistuka. Mzee wa karakana tunayofanyia kazi kanikabidhi funguo zake Jumatano, magoti yake hayamuwezi tena (hii nitaiandika siku nyengine, ni kubwa, sijaikaa nayo bado), na leo kwa haraka ya Ijumaa zile mbao za mkangazi za milango ya yule bwana wa Fuoni tumeziacha ubavuni mwa ukuta, turubai nusu tu. Zikilowa zitapinda, na kukabidhi ni Alkhamis. Hakuna mwengine mwenye ufunguo. Vespa nayo taa ya mbele imekufa tangu juzi. Natafuta koti.