Simu iliyogoma kuhama ghorofa

Nyumba ya wageni ile iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa tatu za mawe ya matumbawe na chokaa. Mwenyewe, bibi mmoja wa heshima zake, alinipokea kwa malalamiko hata shikamoo yangu haijaisha: "Mwanangu, nimefungiwa ruta tatu mpya za Wi-Fi, na bado wageni wakipanda ngazi simu zao zinakatika!"

Sikugusa kitu kwanza. Nilimpigia mke wangu kwa WhatsApp, nikamwomba anisomee mahitaji ya Darajani huku napanda. "Vitunguu, mbatata, nazi mbili…" Kwenye kona ya ngazi, kimya. Nilipofika juu ndiyo nasikia, "…na hiyo usisahau, umenisikia?"

Nilirudi kwenye kona na programu ya kupimia. Simu ilikuwa bado imeng'ang'ania ruta ya chini, ikisoma hasi 84, yaani mawimbi dhaifu sana, na ruta ya ghorofa ya pili iko hatua sita tu. Simu ndiyo inayoamua lini ihame, ruta haina kauli. Na aliyezifunga alizipandisha zote nguvu za mwisho, kwa hiyo ile ya chini ilisikika mpaka juu. Ila simu haina sauti ya kuijibu. Juu ya hayo, zote tatu zilikuwa chaneli 6, yaani njia moja ya mawimbi, moja ikisema nyingine zinasubiri.

Nikazigawa chaneli 1, 6 na 11, kisha nikashusha nguvu.

"Umepunguza? Mimi nimekuita uongeze!"

Nikamwomba subira. Ruta ya kati ilifichwa kabatini. Nikaihamishia kwenye kona ya ngazi. Waya ndio ulionitesa: Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hutoboi ukuta upendavyo. Niliupitisha uani, sambamba na bomba la maji, kazi ya mchana mzima.

Mwisho nikaiwekea sauti njia yake. Maongezi hayali intaneti nyingi, lakini hayawezi kupanga foleni. Mgeni mmoja akipandisha video za Nungwi, wengine wote wanaanza kukatikakatika. Sasa pakiti za sauti, yaani vipande vya data ya maongezi, hutangulia, video zinafuata.

Nikapiga tena, nikapanda taratibu mpaka juu. Orodha ilifika nzima: vitunguu, mbatata, nazi mbili, tungule, na pweza, tena mkubwa. Kumbe pweza ndiye aliyekuwa amemezwa na kona.