Moduli ya kiolesura haionekani? Usiagize nyingine bado

Chasisi ya PXI (sanduku la kuchomekea kadi za vipimo) imewaka, feni zinazunguka, lakini kompyuta, iliyounganishwa nayo kwa kebo kupitia moduli ya kiolesura, haioni kadi hata moja. Anza na mpangilio wa kuwasha: chasisi kwanza, kompyuta baadaye. Kompyuta huhesabu vifaa vya basi la PCI (njia ya data kati ya kadi na kompyuta) inapoamka, na kilichochelewa hakihesabiwi. Nawasihi, jaribuni hili kabla ya kushika bisibisi.

Bado? Badilisha kebo, kisha pima volti za chasisi. Ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, ya 12 kati ya 11.4 na 12.6. Ikiwa chini ya hapo, chunguza pawa saplai kwanza, maana moduli mpya nayo itagoma.

Volti zikiwa sawa, zima, chomoa waya wa umeme, vaa mkanda wa kuzuia umemetuli, toa moduli. Mulika tochi kwenye bodi ya nyuma ndani ya chasisi, hasa nafasi ya 1, inapokaa moduli ya kiolesura. Pini ziko upande wa chasisi, matundu upande wa moduli, kwa hiyo pini moja iliyopinda huharibu kila moduli utakayosukuma humo. Hapo ndipo watu hupoteza moduli mbili kwa kosa moja! Pini zikiwa nzima, ihamishie moduli kwenye chasisi nyingine inayofanya kazi. Ikigoma na huko, imekufa.